Alikata, Alikataa

Asubuhi ile nilitoka Kuze, mtaa wetu wa Mombasa, na mfuko mmoja begani, sina pa kwenda. Si jambo geni kwangu. Tangu niache shule, kabla sijamaliza la saba, miguu ndiyo imekuwa ikiamua na mimi nafuata nyuma nikiuliza maswali. Niliwahi kuamka nikaenda mpaka Tanga kwa sababu tu nilitaka kujua katani inanukaje ikikatwa.

Nilipofika sokoni Marikiti walikuwa wanampiga mtu. Hamali kijana alikuwa chini, kati ya majani ya kabichi na maganda ya ndizi, na wanaume walikuwa wakimshindilia mateke. Mmoja alikuwa na ubao wa sanduku la nyanya, misumari bado imo. Kando yake mama mmoja alikuwa amekumbatia mkoba uliochanwa. Nani kauchana, hakuna aliyeona sawasawa. "Ni yeye! Alikata!" walisema, na kila aliyefika alitanguliza mguu kabla ya kuuliza.

Sudi, muuza vitunguu mwenye jicho moja, ambaye nilisoma naye darasa moja, akapanda juu ya gunia na kupiga ukelele:

"Muulizeni kwanza! Alikata au alikataa?"

Watu wakacheka. Marikiti nzima inaujua msemo huo wa Sudi, na wengi hawajui umetoka wapi. Lakini kicheko kilitosha, maana mtu akicheka mkono hulegea. Hamali akatambaa chini ya meza ya nazi na kupotea, akiacha damu na kiatu kimoja.

Sudi akashuka akanitazama. "Na weye waenda wapi na mfuko?"

"Sijui."

"Hujui daima, weye. Basi nenda kamuone."

Hakutaja nani. Nilikwenda mpaka Mwembe Tayari, nikapanda basi la kwanza lililokuwa limebakisha kiti. Lilikuwa la kwenda Taita. Huko milimani ndiko alikokuwa akiishi mwalimu wetu, mtu aliyetufunza kupenda kusoma na ambaye baadaye aliapa hatasoma tena mbele ya kiumbe yeyote. Nilitaka kujua kama kiapo chake bado kinasimama.

Tulimwita Mwalimu tu. Walimu wengine walikuwa na majina. Yeye alikuwa mtu wa bara aliyepangishwa chumba cha juu pale Kuze, mrefu kiasi cha kugonga kichwa kila mlango, mwenye mikono mipana kama makasia. Alikuwa amecheza ndondi chuoni, na pua yake ilikuwa imehama kidogo kwenda kushoto. Lugha yetu ilimpiga kuliko ndondi. Wiki yake ya kwanza mama mwenye nyumba alimwita kutoka chini, "Mwalimu, ndoo!" Sisi tukisema ndoo twamaanisha njoo. Yeye akashuka ngazi mbio na ndoo ya maji mkononi, akaiweka miguuni pa yule mama na kusubiri. Kuze ilicheka mwezi mzima. Watoto walisimama chini ya dirisha lake wakiita "Ndoo! Ndoo!" na yeye akachungulia na kusema, "Leo sina maji, nina maneno."

Sisi watoto wa Kuze tulikua tukiamini kwamba Kiswahili ni chetu na wengine wote wamekiazima, tena wanakirudisha kimechafuka. Kwa hiyo siku aliyosimama mbele ya darasa na kitabu kikuukuu cha hadithi, tulikuwa tumekaa kama watu wanaongoja majogoo wawili waachiliwe. Alisoma habari za jambazi wa msituni. Sauti yake ilikuwa nzuri, nzito, ya kutisha. Jambazi akavizia, jambazi akachomoa upanga, jambazi akamshika mfanyabiashara, halafu Mwalimu akasoma: "akamkataa kichwa."

Darasa likalipuka. Sudi akasimama juu ya dawati.

"Sivyo, Mwalimu! Akamkata! Kichwa hakikataliwi, hukatwa!"

Mwalimu aliangalia kitabu kwa muda. "Una hakika?"

"Mwalimu, hata nyanya yangu ajua, na yeye hana macho."

"Basi njoo unionyeshe lilipo."

Sudi hakujua kusoma vizuri. Hakuna kati yetu aliyejua vizuri, na hakuna aliyejali. Lakini angewezaje kurudi nyuma baada ya kumtukana mtu mzima? Alikwenda mbele, akaweka kidole kwenye ukurasa, akatafuta silabi kwa silabi huku jasho likimtoka, akalipata. "A-ka-m-ka-ta." Akainua mikono kama aliyefunga bao. Na kwa kuwa mstari uliofuata ulikuwa na damu, hakuweza kuacha pale. Aliendelea kujikokota mpaka mfanyabiashara alipozikwa.

Kuanzia siku hiyo tuligombea madawati ya mbele. Kila mtu alitaka kuwa karibu na kitabu Mwalimu akikosea, na alikosea kila siku. Neno la kuvutwa alilifupisha, la kufupishwa alilivuta. Darasa zima liliitikia kwa pamoja "Sivyooo!" mpaka walimu wa vyumba vya jirani wakaja kulalamika. Ili kumsahihisha ilibidi uone neno kabla yake. Ili uone kabla yake ilibidi usome haraka kuliko yeye. Hakuna aliyetuambia kwamba tunajifunza. Tulidhani tunampiga.

Tulipigana hata sisi kwa sisi. Siku moja alisoma, "Simba akarukia paa," kengele ikalia, akafunga kitabu. Kwenye uwanja mimi nikasema simba amepanda juu ya nyumba. Sudi akasema simba amemrukia mnyama, paa yule mwenye pembe. Nikamwambia mjinga wa ukoo mzima hushindwa kujua paa la nyumba. Akanipiga ngumi ya mdomo, jino likatoka. Nikampiga jiwe la goti. Wengine wakagawanyika, watu wa nyumba na watu wa mnyama, na mawe yakaruka mpaka mlinzi akatutenganisha kwa ufagio.

Mwalimu alinishika kichwa chini ya mfereji, akanisafisha kinywa, damu ikimchafua shati. Nilingoja afoke. Alisema, "Ukurasa unaofuata ndio utakaosema nani alistahili kupigwa."

Tuliusoma ukurasa ule tukiwa tumesimama, darasa zima, kichwa juu ya kichwa. Alikuwa mnyama. Jino langu lilikwenda bure, na mpaka leo nikiona pengo lile kwenye kioo nakumbuka kwamba niliwahi kupenda neno kiasi cha kutoa damu.

Hadithi za upole hakuzitaka. Walituletea shuleni vitabu vipya vya sungura wanaosaidia wazee kuvuka barabara, akavipanga kabatini vizuri na kufunga. "Mtoto hasomi kwa sababu kusoma ni kuzuri," aliwaambia wazazi kwenye mkutano. "Anasoma kwa sababu kuna mtu anataka kuuawa na yeye hajui kama atapona." Mzazi mmoja aliuliza kama mwalimu huyu ni mzima. Mama mwenye nyumba, aliyekuwa amekuja kwa ajili ya mjukuu wake, akajibu, "Mzima, ila ukimwita usitaje ndoo."

Na bado mtu huyohuyo aliogopa damu ya kuku. Alifuga kuku watatu darini, na siku akitaka kumla mmoja alimwita jirani amchinjie. Alitoa sababu nzuri, kwamba akimchinja mwenyewe majirani Waislamu hawatakula naye. Ilikuwa kweli. Ilikuwa kweli pia kwamba alikuwa akikimbilia ndani na kuziba masikio. Tulimchungulia.

Fimbo hakushika kamwe, katika shule ambayo fimbo ilikuwa na kiti chake. Lakini watu wazima aliwapiga. Muuza njugu mmoja wa Ndia Kuu alipata wapi sijui kitabu chetu cha jambazi, nakala ya shule, akawa anachana kurasa kufungia njugu za watu. Mwalimu alinunua njugu, akafungua karatasi, akasoma mistari mitatu, akamshika muuza njugu kwa kola na kumwinua ukutani.

"Umeuza mwisho! Umemuuzia nani mwisho?"

"Mwalimu, niwache, ni karatasi!"

Alimzaba kofi moja lililosikika mpaka msikitini. Kisha wote wawili, muuza njugu akishika shavu, walipita mlango kwa mlango wakidai kurasa kutoka kwa wateja, nyingine zimejaa mafuta na chumvi. Sisi tuliofuata nyuma tulifika nyumbani magharibi, tumelijua kila neno la mwisho ule. Siku ya pili alikwenda kumwomba radhi yule mtu mbele za watu, na njugu zake akazinunua siku zote baada ya hapo. Tulikuwa tukibishana, mimi na Sudi, kama mtu anaweza kuwa mpole na mkatili kwa siku moja. Sudi alisema hiyo ndiyo maana ya kuwa mwalimu.

Tulibishana pia kuhusu makosa yake. Sudi alishikilia kwamba Mwalimu anakosea kusudi, kwamba ni chambo. Mimi nilisema hapana, huyu kweli hajui. Miaka ilipita hatujamaliza.

Mimi niliacha shule kwa sababu ya barabara, nikawa utingo wa malori. Sudi aliacha kwa sababu baba yake alikufa, na yeye hakwenda popote. Alibaki kwenye baraza ya uchochoro wetu na vijana ambao mchana walilala na alasiri walitoka na mapanga ndani ya suruali. Wote mnawajua. Walikuwa wakishuka mtaani kama nyuki, wanampiga panga aliye mbele yao, simu na mkoba vinachukuliwa, na ndani ya dakika chache hakuna kitu isipokuwa ndara na damu.

Mwalimu hakumwacha Sudi. Alikuwa akienda kwenye baraza ile, anasimama mbele ya vijana wenye mapanga, anafungua kitabu cha jambazi na kuanza kusoma vibaya. Mimi mwenyewe niliona, wiki moja niliyokuwa nimerudi nyumbani. Walimtupia maganda ya muhogo. Mkubwa wao, kijana mwembamba mwenye kovu shingoni, alimwambia, "Mzee, sisi si wanao." Mwalimu aliendelea. Alipofika pale pa kichwa akasoma, kama siku ya kwanza, "akamkataa." Kutoka nyuma, gizani mwa mlango, sauti ikasema chini kwa chini:

"Sivyo."

Ilikuwa ya Sudi. Mwalimu alifunga kitabu, akaniambia tukiondoka, "Akiwa bado anasahihisha, bado ni wetu."

Safari nyingine yule mkubwa wao alimpokonya kitabu na kukichana katikati. Mwalimu alimpiga ngumi moja ya taya, ile ya chuoni, kijana akalala. Wenzake wakampiga Mwalimu mabapa ya mapanga mgongoni mpaka shati likapasuka. Alirudi nyumbani akishika ukuta. Alasiri iliyofuata alikuwa pale pale na kitabu kilichobandikwa kwa gundi. Ni wakati huo nilipoelewa kwamba kwake haya hayakuwa mambo ya masomo. Alikuwa kwenye ulingo, na aliyekuwa akipiganiwa ni mtu mmoja.

Siku iliyomaliza yote nilikuwa nimerudi Kuze, niko kwa kinyozi, nusu ya kichwa imenyolewa. Tulisikia mayowe, milango ikibamizwa mmoja baada ya mwingine. Walikuwa wameshuka uchochoro wetu. Waliomwona wanasema Mwalimu aliteremka ngazi badala ya kupanda. Mkubwa wao alimcheka, akamsukuma Sudi mbele.

"Huyu mwalimu wako. Mkate."

Sudi alikuwa na panga. Alilitazama, akamtazama Mwalimu, akasema, "Sitaki." Akalitupa chini. Yule mwembamba akampita na kukata mwenyewe, kutoka shavuni mpaka begani. Halafu wakakimbia, wote isipokuwa Sudi, ambaye alivua fulana na kuizibia damu isiyozibika.

Watu walipotoka majumbani waliona nini? Mwalimu kalala, Sudi juu yake mikono myekundu, panga kando. Nilifika mbio na sabuni kichwani wakati mzee mmoja ameinama akiuliza, "Mwalimu, ni huyu? Huyu kafanya nini?"

Mwalimu alifungua kinywa kilichopasuka. Alitaka kusema neno moja. Likatoka fupi.

"Huyu... alikata."

Sijui kama umewahi kuona watu unaowajua wakigeuka. Mzee aliyeinama ndiye aliyepiga teke la kwanza. Lilikuja tofali, likaja jiwe la kusagia, ukaja mchi. Jicho la Sudi liliondoka mapema, niliona likiondoka. Mtu alikuwa tayari akiita tairi, na mwingine akiuliza nani ana petroli, kwa sauti ile ile ya kuuliza nani ana kiberiti cha sigara. Nilijirusha ndani nikatupwa nje.

Ndipo likatoka dirishani, juu. Mwanaisha, aliyekaa dawati la pili na sasa anafundisha madrasa, alikuwa ameshika nondo za dirisha kwa mikono miwili.

"SIVYO!"

Watu wakainua macho.

"Sivyo! Amesema alikataa! Mwalimu hajui kuvuta! Alikataaa!"

Nikaipokea. "Sivyooo! Alikataa!" Kutoka duka la kamba na rangi ikatoka sauti nyingine, ya mwanamume sasa, nzito, lakini mdundo ulikuwa ule ule wa darasani. Kutoka juu ya paa, kutoka mlango wa nyumba ya tatu. Kila aliyewahi kukaa mbele ya mtu yule na kumcheka alikuwa akimsahihisha kwa nguvu zake zote. Mikono ikasimama hewani na matofali. Mzee akainama tena. "Alikata, au alikataa?" Na Mwalimu, ambaye hakuweza tena kusema, alimshika Sudi kifundo cha mguu na hakukiachia mpaka walipobebwa wote wawili kwenye mkokoteni mmoja.

Jamaa za Mwalimu walimchukua kutoka hospitali wakampeleka milimani. Vitabu vyake alimwachia Mwanaisha. Tulisikia kwamba anazungumza, anacheka kidogo, analima, ila kitabu hakikaribii. Ukimpa gazeti anakupa mgongo.

Basi liliponishusha Wundanyi, huko Taita, kulikuwa na ukungu na mvua ya rasharasha, nami nilikuwa na shati la Mombasa. Meno yaligongana. Mwanamke wa gesti karibu na soko alisema vyumba vimejaa, akaniuliza natoka wapi. Nilipomjibu akanielekeza juu ya kilima, kwa "mwalimu asiyesoma." Nilimkuta barazani kwa dada yake akimenya maharage. Kovu lilikuwa limeivuta midomo yake upande mmoja. Alinitazama, hasa pengo la jino.

"Paa," alisema.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Nyumba, au mnyama?"

"Mnyama. Nilishindwa."

Dada yake alileta chai. Nilimpa habari za Mombasa, za Sudi na vitunguu vyake, za hamali wa asubuhi ile na ukelele juu ya gunia. Aliacha kumenya. Nilimuuliza lile tulilobishana miaka yote: alikuwa akikosea kusudi?

"Siku ya kwanza sikujua," alisema taratibu. "Nilikosea, mkaamka kama watu wanaokufa walionyunyiziwa maji. Halafu nikajifunza. Nikajua kuvuta, nikajua kufupisha. Lakini niliogopa kwamba nikisoma sawa mtalala tena. Nikaendelea. Mwaka baada ya mwaka." Aligusa mdomo. "Siku nilipolihitaji lile neno, ulimi ulikuwa umezoea uongo. Nimemtoa mwanangu jicho kwa silabi moja. Unataka niushike tena mkononi, ulimi huu?"

 Nilifungua mfuko nikatoa kitabu cha jambazi, kile kilichobandikwa gundi, ambacho Mwanaisha alinipa nilipokuwa nikipita huku na huko. Alinipa mgongo, kama tulivyosikia. Nikaanza kusoma hata hivyo, kwa dada yake, aliyekuwa hajawahi kuisikia hadithi ile. Nilikwenda moja kwa moja karibu na mwisho, pale kijana wa jambazi anapoamriwa amuue mzee aliyemlea.

"'Kijana akashika kisu. Akaitazama shingo ya mzee. Wote wakangoja. Kijana akakata.'"

"Uwi!" Dada yake akaangusha kikombe. "Mlezi wake?"

Mgongo wa Mwalimu haukutikisika. Maharage yaliendelea kudondoka bakulini. Nilirudia kwa sauti.

"'Wote wakangoja. Kijana akakata.'"

Maharage yakanyamaza. Mvua ilikuwa imezidi juu ya mabati. Nilivuta pumzi nirudie mara nyingine.

"Sivyo," alisema.

Hakugeuka kwanza. Kisha akageuka, akanyoosha mkono ule mpana, akakichukua kitabu kutoka kwangu kwa nguvu, karibu anichane kidole. Alikishika mbali na uso kama wazee wafanyavyo. Midomo iliyovutwa na kovu ikatafuta, na ikalivuta neno lile polepole na sawasawa, kama mtoto aliyezaliwa Kuze:

"'Akakataa.'"

Halafu akasoma mstari uliofuata, na uliofuata. Dada yake alisogeza kigoda karibu. Bila kuondoa macho kwenye ukurasa Mwalimu alimwonyesha chumba cha nyuma kwa kidevu, naye dada akaenda akanitandikia kitanda na kurudi mbio, akiuliza toka mlangoni kama mzee amepona.